Karatasi kabla ya tofali: kuanza kuwekeza kwenye nyumba za makazi Dar es Salaam

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, masika yakiwa yamepumzika kidogo, nilikuwa nimesimama kwenye kiwanja Chanika na dalali aliyenitoa mjini tangu saa mbili asubuhi. Kiwanja kilivutia. Mita 20 kwa 25, miembe miwili, nguzo ya umeme hatua chache kutoka mpakani, na gari linafika mpaka mlangoni. "Dada'angu, hiki ukilala tu, kesho hukikuti," aliniambia. "Kuna mzee anatoka Mbagala mchana huu, hela anayo mkononi."

Nikaomba kuona karatasi. Akatoa nakala ya mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mkono, una mhuri wa serikali ya mtaa na mashahidi wanne. Muuzaji, kijana wa makamo, alikuwa ameegemea mwembe. Nikamuuliza yeye alikipataje. Kwa baba yake. Mzee yupo? "Mzee alishatangulia, dada." Na mirathi ilifunguliwa? Akanitazama kama nimemvunjia heshima. Dalali akaingilia haraka: "Dada, hapa kila mtu anamjua, muulize hata mjumbe."

Sikununua. Mwaka mmoja baadaye nilipita njia hiyo nikakuta msingi umechimbwa, tofali zimepangwa, na juu ya ukuta mfupi wa mbele kumeandikwa kwa rangi nyekundu: ENEO LINA MGOGORO. HALIUZWI.

Karibu kila anayeniuliza kuhusu kuwekeza kwenye nyumba huanza na swali la mahali. Ninunue Goba au Kigamboni? Madale au Kivule? Ni swali zuri, ila linakuja mapema mno. Kabla yake kuna lingine: hicho unachotoa hela yako kukinunua ni kitu gani hasa? Hapa Tanzania jibu lake lina ngazi, na ngazi unayosimamia ndiyo itakayoamua kama benki itakusikiliza, kama utauza kwa bei nzuri siku ukikwama, na kama utalipwa fidia siku barabara ikipita.

Ardhi si yako, haki ni yako

Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu binafsi hamiliki udongo. Anamiliki haki ya kuutumia kwa muda na kwa masharti. Ndiyo maana hati ya kumiliki ardhi hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na ndani yake kuna matumizi yaliyotajwa: makazi, biashara, au vyote viwili. Ukijenga fremu za maduka kwenye kiwanja cha makazi bila kuomba kubadilisha matumizi, umeshavunja masharti ya hati yako mwenyewe, hata kama jirani kulia na kushoto wamefanya hivyohivyo. Raia wa kigeni haruhusiwi kupewa ardhi ila kwa utaratibu wa uwekezaji. Kwa hiyo ukiona mtu anamnunulia mgeni kiwanja kwa jina la shemeji yake, jua kwamba mwenye haki mbele ya sheria ni huyo shemeji.

Juu kabisa ya ngazi, basi, ipo hati. Chini yake kidogo kuna barua ya toleo, ambayo wengi huiita ofa: ahadi ya Serikali kukupa haki ukitimiza masharti na malipo yaliyoandikwa. Ofa ni karatasi ya heshima, lakini ina watu wanaoishikilia miaka kumi bila kuimalizia, na wakati wa kuuza ndipo wanapogundua kuna malipo yamelala na majina hayalingani.

Kwenye mitaa iliyojijenga yenyewe kabla ya mpango, kama Manzese, Tandale au sehemu kubwa ya Mbagala, utakutana na leseni ya makazi. Ilianza kutolewa kwa wingi Dar es Salaam miaka ya 2000 ili wakazi wa maeneo yasiyopimwa nao watambuliwe. Ni ya muda mfupi, haizidi miaka mitano, na inatakiwa kuhuishwa. Inakupa mahali pa kusimama, lakini hailingani na hati ya miaka 99, na bei yake isilingane.

Halafu ipo ile karatasi niliyoonyeshwa Chanika, mkataba wa mauziano wenye mhuri wa mtaa. Sehemu kubwa sana ya viwanja vya pembezoni mwa jiji hubadilisha mikono kwa karatasi hii peke yake. Naomba nieleweke: sisemi ni batili. Makubaliano ya maandishi yenye mashahidi ni ushahidi, na mabaraza ya ardhi huyatazama. Lakini yanachoshuhudia ni kwamba fulani alipokea hela kwa fulani. Hayathibitishi kwamba aliyepokea alikuwa na haki ya kuuza. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi, hana mamlaka ya kumilikisha mtu ardhi. Na ile asilimia 10 ambayo baadhi ya ofisi za mitaa huidai kwenye kila mauziano, uliza inadaiwa kwa sheria ipi, na usitoe hata shilingi bila risiti.

Kati ya hati na karatasi ya mtaa siku hizi kuna kundi kubwa la katikati: maeneo yaliyo kwenye urasimishaji, yaani makazi yaliyojengwa bila mpango yanayopimwa ili yapewe hati. Wakazi wamechanga, wapimaji wamepita, bikoni zimepandwa, hati zinasubiriwa. Kuna mitaa imepata hati ndani ya muda mzuri, na kuna mitaa watu wamechanga wakachoka. Dalali atakuuzia kiwanja cha namna hii kwa bei ya kile chenye hati, kwa sababu "hati inakuja." Kilipie kwa hali yake ya leo.

Ipo pia hatari ya shamba lililokatwakatwa. Mtu ana ekari tatu Msongola au Mabwepande, anazigawa kwa kamba na vijiti kuwa viwanja, anaacha kinjia cha bajaji, anauza. Hakuna mchoro wa mipango miji. Siku mchoro ukija, shule au eneo la wazi linaweza kuangukia katikati ya sebule yako. Wauzaji wanaokubali malipo kwa awamu wapo wengi sasa, na baadhi ni watu makini wanaopima kabla ya kuuza. Kwao swali ni moja: hati mama ya eneo zima iko kwa jina la nani, na haijawekwa dhamana benki?

Kama mfuko unaruhusu, tafuta kiwanja kilichozaliwa na mpango wa Serikali. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Mivumoni, Kibada, Mwongozo, Gezaulole, Buyuni na Toangoma. Ukipita leo Kibada ukaona barabara zilizonyooka na nyumba zinazotazamana, ujue hayo ni matunda ya mchoro uliotangulia tofali. Ni ghali zaidi, na kwa maoni yangu tofauti hiyo ya bei huwa inastahili.

Anayeuza ni nani?

Mjomba wangu ni mtu mwangalifu kuliko wote kwenye ukoo wetu. Alinunua kiwanja Kitunda kwa mtoto mkubwa wa marehemu, akalipa mbele ya mashahidi, akapandisha vyumba vinne mpaka linta, ile zege ya juu ya madirisha. Ndipo dada wawili wa muuzaji wakaja kutoka Tanga. Mmoja wao alikuwa ameteuliwa na mahakama kusimamia mirathi ya baba yao, na barua alikuwa nayo. Kaka alikuwa ameuza kisicho chake peke yake. Walikwenda baraza la ardhi, wakarudi, wakakaa kikao cha wazee, na mwisho mjomba akalipa mara ya pili ili apate kilekile alichokwisha kukilipia. Hela ya kwanza kaka alikuwa ameshaitumia yote.

Kwa hiyo mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na hata kwake ni salama zaidi warithi wawe pamoja naye. Si mtoto mkubwa, wala si baba mdogo, hata kama ndiye aliyemuuguza marehemu. Ukiona barua ya usimamizi, nenda mahakama iliyotajwa ukaulize namba ya shauri. Barua hughushiwa.

Jambo la pili ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mume anayesema "mke wangu yuko kijijini, hana neno" anakuomba wewe ubebe mzigo wa mgogoro wa nyumbani kwake. Mke aje, asaini, na picha yake ibandikwe.

Kama kuna hati, usiridhike na nakala. Chukua namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati, ukafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ni ombi la maandishi lenye ada ndogo, na majibu yake yatakuambia mmiliki aliyeandikishwa ni nani, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Katika hatua zote ninazozitaja humu, hii ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayorukwa zaidi. Ofisi ya ardhi ya manispaa nayo itakuambia kama kiwanja kipo kwenye mchoro ulioidhinishwa na kama kodi ya ardhi ya kila mwaka imelipwa. Deni la kodi hiyo linakifuata kiwanja, na ukinunua linahamia kwako.

Kwa ardhi isiyo na hati hakuna daftari la kupekua, kwa hiyo unapekua watu. Nenda bila dalali. Nenda jioni, kaa na mama muuza vitumbua, zungumza na majirani wa pande zote nne, waulize mpaka uko wapi na nani alikuwa akilima pale miaka kumi iliyopita. Mimi nimewahi kupata ukweli wote wa kiwanja kwa bibi mmoja aliyekuwa akianika udaga, wakati mjumbe na dalali walikuwa wameniapia kwamba hakuna tatizo.

Mahali, kwa macho ya masika

Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012, na 5,383,728 mwaka 2022. Milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wote wanahitaji pa kulala. Hiyo ndiyo sababu ya msingi inayofanya nyumba kuwa uwekezaji unaoeleweka katika jiji hili. Lakini watu hawasambai sawasawa. Wanafuata usafiri, maji na kazi.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, mtu wa Kimara alisogea mjini bila kuhama. Mwaka huohuo Daraja la Nyerere lilifunguliwa, na Kigamboni ikaacha kuwa ng'ambo ya kungojea pantoni. Miundombinu ya namna hii hupandisha pango na bei za viwanja. Ila ahadi ya miundombinu ni kitu kingine kabisa. Kigamboni hiyohiyo, mwaka 2008, ilitangaziwa mpango wa mji mpya, na kwa miaka kadhaa wenye maeneo wakazuiwa kuendeleza. Watu walibaki na viwanja wasivyoweza kuvijenga, wakisubiri fidia. Nunua kwa sababu ya barabara unayoikanyaga.

Na usijenge juu ya hifadhi yake. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilivunjwa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa njia ile inahesabiwa mita 121.5 kutoka katikati. Kulikuwa na nyumba za maisha yote ya mtu pale, za wastaafu, zilizolipiwa umeme na maji kihalali. Kwa barabara kuu nyingine, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inataja mita 30 kutoka katikati kila upande. Kwa fukwe za bahari na kingo za mito, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataja mita 60. Waliobomolewa bonde la Msimbazi mwishoni mwa mwaka 2015, zile nyumba zilizowekewa alama ya X nyekundu, walikutana na mita hizo. Beba futi kamba yako mwenyewe.

Kiwanja ukakione mvua inaponyesha. Kiangazi kila mahali ni pakavu. Nenda mwezi wa nne, uone maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, uone kama bodaboda anakubali kuingia au anakushushia barabarani. Uliza pia juu ya maji ya kunywa. Maeneo mengi ya karibu na pwani yana visima vya maji ya chumvi. Mpangaji wa Dar es Salaam huuliza hilo kabla ya kuuliza idadi ya vyumba: bomba la DAWASA lipo, au ni kisima? Chumvi hiyohiyo, ukiichanganyia zege na plasta, itakula nondo na kubabua kuta zako ndani ya miaka michache.

Hesabu ambayo dalali hakufanyii

Hapa naomba tulie kidogo. Nitaita kodi ya nyumba "pango," ili isichanganyike na kodi ya Serikali. Namba zenyewe nimezitunga kwa ajili ya mfano, wewe utaweka zako.

Tuseme umenunua kiwanja Chamazi kwa milioni 12, ukajenga nyumba moja yenye sehemu tatu, kila moja chumba, sebule, jiko na choo cha ndani, kwa milioni 48. Jumla milioni 60. Kila sehemu unaipangisha kwa 150,000 kwa mwezi. Tatu ni 450,000, kwa mwaka milioni 5.4. Hiyo ni asilimia 9 ya fedha uliyoweka, na hapo ndipo wengi hufunga daftari.

Endelea kuhesabu. Kila sehemu itakaa wazi mwezi mmoja kwa mwaka, kwa wastani, mpangaji akihama na mwingine akitafutwa. Imebaki 4,950,000. Kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, kwa hiyo toa karibu 500,000. Rangi, bomba, kitasa, bati lililovuja, shimo la choo lililojaa: weka 500,000 nyingine, na miaka mingine itazidi. Kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa unaponunua umeme wa LUKU, ilipandishwa mwaka 2023 kuwa 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na 90,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Inadaiwa kwa jengo. Ukiwa na mita tatu kwenye jengo moja, hakikisha hukatwi mara tatu. Mwisho wa yote unabaki na takriban milioni 3.9, yaani asilimia 6.5.

Sasa linganisha. Hatifungani za Serikali za miaka 20 na 25, yaani fedha unazoikopesha Serikali nayo ikakulipa riba, hata baada ya viwango kupunguzwa mwaka 2022, zilitolewa kwa riba ya 12.10 na 12.56 kwa mwaka. Milioni 60 hizohizo zingekuletea zaidi ya milioni 7 bila fundi, bila dalali, bila mpangaji aliyezima simu tarehe 5.

Siandiki haya ili ukimbie nyumba. Pango hupanda na miaka, riba ya hatifungani haipandi. Thamani ya kiwanja kilichokaa vizuri hupanda hata wewe ukiwa umelala. Lakini tazama hesabu inachosema: kwa nyumba ya kawaida ya kupangisha Dar es Salaam, pango peke yake halitoshi kukulipa. Sehemu kubwa ya faida yako imekaa ndani ya ardhi, na utaiona siku utakapouza au kuikopea. Na ardhi ya karatasi dhaifu huuzwa kwa bei ya kubembeleza, na benki haiikopeshei. Ndiyo maana nimekuchosha na hati kwa kurasa nzima kabla ya kugusa tofali.

Hesabu hiyo inabadilika ukibadilisha aina ya nyumba. Ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, choo na jiko uani, huleta pango dogo kwa chumba lakini kubwa kwa mita ya mraba, na haikai wazi. Vyumba masta karibu na vyuo au hospitali hujaa haraka na kuchakaa haraka. Jumba la familia moja lenye vyumba vinne na uzio, ambalo wengi hulitamani kwa sababu ndilo wangependa kuishi wenyewe, mara nyingi ndilo linalolipa vibaya kuliko yote. Nyumba za kupangisha kwa siku huko Masaki na Mikocheni zina hela, lakini hiyo ni kazi ya hoteli.

Mtaji, na pagale

Mikopo ya nyumba ya muda mrefu ipo. Tangu kampuni ya TMRC ianzishwe mwaka 2010 kuzipa benki fedha za muda mrefu, benki nyingi zimeingia. Riba yake mara nyingi huwa kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. Rudi kwenye mfano wetu. Ukikopa milioni 50 kwa asilimia 15 kwa miaka 15, rejesho ni karibu 700,000 kila mwezi. Pango lako ni 450,000. Nyumba haitajilipa yenyewe, itakula mshahara wako, na ikikosa mpangaji itakula zaidi. Mkopo wa namna hii unafaa kwa mtu anayenunua nyumba ya kukaa, na hivyo kuokoa pango analolipa kwingine. Kwa nyumba ya kwanza ya uwekezaji ningekuomba ukae nao mbali.

Ndiyo maana wengi wetu tunajenga kwa awamu: mwaka huu msingi na jamvi, mwakani kuta, mwaka mwingine kupaua. Ni njia ya kweli, na imewajengea watu wengi nyumba jijini hapa. Gharama yake haionekani. Nyumba iliyosimama kwenye linta miaka minne imefungia milioni 25 zisizozalisha hata shilingi, na mvua inazila. Kama una milioni 30, jenga sehemu moja mpaka mpangaji aingie, huku mchoro na msingi vikiruhusu kuongeza ya pili. Usisimamishe kuta za sehemu tatu halafu ukaishia hapo. Chukua kibali cha ujenzi manispaa mapema, maana alama nyekundu ya "simamisha ujenzi" huja wakati fundi ameshalipwa.

Kwa mwenye jicho, mapagale ya wengine, yaani nyumba zilizoachwa bila kumalizika, ni fursa. Mtu amehamishwa kikazi, amekwama, anataka kutoka. Bei ya pagale mara nyingi huwa chini ya gharama ya vifaa vilivyomo. Ingia na fundi asiyemjua muuzaji, apime nondo na msingi. Na kama mvuto wako ni sehemu ya ghorofa, Upanga au Kariakoo, uliza hati ya sehemu hiyo chini ya sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu kumiliki sehemu ya jengo, na uliza ada ya kila mwezi ya ulinzi, lifti na usafi. Kuna majengo ada hiyo inameza pango la miezi mitatu.

Siku ya kuhamisha jina, na baada yake

Mkaandikiane kwa wakili, na hela ipite benki. Kwa kiwanja chenye hati kuna fomu za uhamisho, maarufu kama namba 29, 30 na 35, tathmini ya mthamini wa Serikali, ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Nyumba aliyoishi mmiliki miaka mitatu au zaidi, faida ikiwa haizidi milioni 15, inasamehewa. Kodi ya ongezeko la mtaji kisheria ni ya muuzaji. Lakini Dar es Salaam utasikia "bei hii ni mkononi, kodi zote juu ya mnunuzi." Mkubaliane hilo wakati mnapatana bei, kwa maandishi, kwa sababu bila kodi hiyo kulipwa jina halihami. Nawajua watu walionunua miaka sita iliyopita na hati bado inasoma jina la muuzaji.

Mpangaji wa kwanza akija atalipa miezi sita, pengine mwaka. Hizo hela si za mwezi huu. Zigawe, maana mwezi wa tano paa litavuja na utakuwa huna kitu. Andikeni mkataba hata kama ni mtoto wa jirani. Na kila sehemu iwe na mita yake ya umeme tangu siku ya kwanza. Nyumba ya mita moja na wapangaji watatu hugeuka baraza la usuluhishi kila jioni, nani ana friji, nani ana pasi, nani hajachangia LUKU, na mwenye nyumba ndiye hakimu.

Mwisho, jina la kwenye hati. Mjomba wangu, baada ya yote yaliyompata Kitunda, alipopata karatasi zake aliandikisha majina mawili, lake na la shangazi, akaweka wosia kwa wakili. Kisha akawaita watoto wote wanne siku ya Idi, akawaonyesha bahasha ilipo.